Kila Lugha Ina Lazima Yake

1. Kicheko katika bweni

Nilipokuwa nikisomea kazi ya ualimu, tulilala bweni moja vijana wa makabila mengi. Mimi ni mtu wa pwani, na Kiswahili ndiyo lugha niliyoisikia kwanza kinywani mwa mama yangu. Basi sisi wa pwani tulikuwa na tabia isiyo njema: mwenzetu wa bara akikosea neno la Kiswahili, tulimcheka mpaka akaona haya. Kati ya wenzetu hao alikuwapo kijana mmoja Mhaya, kwao Bukoba, mtu mpole asiye na maneno mengi. Usiku mmoja alisema, "Kisu yangu imepotea." Mara bweni zima likajaa vicheko. Mmoja wetu akamwuliza, "Je, ndugu, kwenu hamna sarufi?"

Yule Mhaya hakukasirika. Akasema, "Ndugu zangu, sarufi kwetu iko, na ngeli ziko, tena nyingi; za kwenu ndizo ninazojifunza. Lakini nami naomba kuwauliza neno moja. Mtu akisema kwa Kiswahili, 'Tulifunga mbuzi,' aliwafunga lini? Leo asubuhi, au jana, au mwaka jana?"

Tukajibu, "Hatuwezi kujua, mpaka mwenyewe aseme."

Akasema, "Kwetu neno lenyewe limekwisha sema. Kama tulifunga leo mapema, twasema 'twakoma'. Kama tulifunga jana, twasema 'tukomile'. Kama tulifunga juzi, au siku za nyuma zaidi, twasema 'tukakoma'. Mtu akichanganya mambo ya jana na ya juzi kwetu huchekwa, kama mlivyonicheka mimi kwa kisu changu."

Bweni likanyamaza. Hatukujua kabla ya hapo ya kuwa mtu yule tuliyemcheka alikuwa na njia tatu za kusema, mahali ambapo sisi tulikuwa na ile "-li-" yetu moja tu. Tangu usiku ule nimependa sana kusoma habari za lugha za watu, na katika somo hili nataka kuwaonyesha machache katika hayo niliyoyasoma. Mwishoni nitawaeleza neno moja lililotokea nilipokuwa mtoto, ambalo lanihuzunisha hata leo.

2. Lazima ni nini?

Duniani ziko lugha kadiri ya 7,000. Zamani wasafiri wengi walidhani ya kuwa watu wasio na vitabu hawana sarufi, bali husema ovyo, kila mtu apendavyo. Jambo hilo si kweli. Lugha yo yote isemwayo na watu ina kanuni zake, hata kama hapana mtu aliyeziandika. Na mtoto aliyezaliwa katika lugha hiyo huzishika zote kabla ya kwenda shule.

Tena, lugha hazitofautiani sana katika mambo ziwezayo kuyasema. Kama neno halipo, watu hulitunga, au huliazima kwa jirani, au hueleza kwa maneno mengi. Yule Mhaya aliweza kusema "jana" kwa Kiswahili, nasi twaweza. Tofauti kubwa ni hii: katika kila lugha yako mambo ambayo msemaji hana ruhusa ya kuyaacha. Apende asipende, sharti ayaseme, la sivyo maneno yake hayawi sawa. Roman Jakobson, mtaalamu wa lugha aliyezaliwa Moscow mwaka 1896, akafa Marekani mwaka 1982, alilikaza sana jambo hili. Mambo hayo yasiyoachika mimi nayaita lazima za lugha.

Tazameni kwanza lazima yetu wenyewe. Mtu akisema, "Kikubwa kimevunjika," twafahamu ya kuwa asema habari za kiti, au kikombe, au kitu kingine cha namna hiyo, ingawa hakukitaja. Akisema, "Mkubwa umevunjika," huenda ni mti au mkuki. Akisema, "Kubwa limevunjika," huenda ni jembe au sanduku. Hatuwezi kutamka sifa wala tendo mpaka tujue jina lake ni la ngeli gani. Sisi hatuoni taabu, kwa sababu tumeizoea kazi hii tangu utoto. Bali mgeni huona ajabu kubwa ya kuwa kiti na mti na jembe kila kimoja kina alama yake, na alama hiyo hufuata katika sentensi yote kama kondoo wanavyomfuata mchungaji. Mjerumani mmoja, Wilhelm Bleek, aliyefanya kazi yake Cape Town, alitoa kitabu mwaka 1862 cha kulinganisha lugha za kusini mwa Afrika, akazipa ngeli hizo namba: ya 1, ya 2, ya 3, na kuendelea. Hata leo wataalamu wa lugha za Kibantu huzihesabu kwa njia iliyotokana na hiyo.

Tusidhani, lakini, ya kuwa ngeli ni zetu peke yetu. Kaskazini mashariki ya Australia, katika misitu ya Queensland, liko kabila ambalo lugha yao huitwa Kidyirbal. Bwana R. M. W. Dixon alianza kujifunza lugha hiyo kwa wazee wake mwaka 1963. Aliona ya kuwa kila jina hufuatana na neno moja katika haya manne: "bayi", "balan", "balam", "bala". Wanaume na wanyama wengi ni wa "bayi". Wanawake, na maji, na moto, ni wa "balan". Matunda na mboga za kuliwa ni za "balam". Vitu vingine vyote ni vya "bala". Kwa nini moto uwe pamoja na wanawake? Katika hadithi zao jua ni mwanamke, na mwezi ni mume wake. Na moto ni jamaa ya jua. Basi mwenye kujua hadithi ajua na ngeli.

Sasa tazameni upande wa pili, jambo tusilolazimishwa sisi. Kwa Kiswahili twasema, "Amefika," basi. Hatukusema kama ni mwanamume au mwanamke. Mwingereza kwa kawaida hafanyi hivyo. Mara nyingi husema "he" kwa mwanamume, au "she" kwa mwanamke. Mtu akitaka kuligeuza neno letu "amefika" liwe Kiingereza, na habari nyingine hana, mara nyingi hukwama pale pale, akarudi na kuuliza, "Aliyefika ni nani?" Lakini je, Kiswahili ni maskini kwa sababu hiyo? Hasha. Sisi tukitaka kusema, twaweza kusema. Tofauti ni kwamba hakuna atulazimishaye.

3. Mmoja, wawili, wengi

Katika Kiswahili jina lina hali mbili: umoja na wingi. Mtu mmoja, watu wawili, watu elfu. Baada ya mmoja wote ni "watu". Katika Kiarabu kamili cha vitabuni hali ni tatu. Kitabu kimoja ni "kitab". Vitabu viwili ni "kitabani". Vitatu na zaidi ni "kutub". Hali hii ya katikati twaweza kuiita uwili. Mwarabu aandikaye habari za vitabu viwili hawezi kutumia "kutub". Angekuwa amekosea kama mtu asemaye kwetu "vitabu kimoja".

Kumbe alama ya jambo hili imo hata katika Kiswahili cha wazee wetu wa pwani. Katika kuhesabu walisema "mia", na mia mbili waliziita "miteni". Walisema "elfu", na elfu mbili waliziita "elfeni". Maneno haya ni uwili wa Kiarabu, yaliyoingia kwetu pamoja na biashara na hesabu. Wazee waliyatumia siku zote, na labda wengi wao hawakujua ya kuwa wamebeba kipande cha sarufi ya watu wengine midomoni mwao. Maneno husafiri kama majahazi, na mara nyingine hupakia shehena isiyoonekana.

4. "Sisi": na wewe je?

Fikirini jambo hili. Mgeni amekaa barazani, na wenye nyumba wako mlangoni. Mwenye nyumba asema, "Sasa tunakwenda kula." Mgeni yule afanye nini? Ainuke anawe mikono, au aage aende zake? Neno "tu-" halimwambii. Laweza kuwa sisi pamoja nawe, laweza kuwa sisi bila wewe. Kwetu adabu husaidia, maana mwenye nyumba humwita mgeni kwa jina na kusema, "Karibu." Lakini sarufi yenyewe imemwacha barazani.

Ziko lugha nyingi ambazo haziruhusu mashaka hayo. Nchi ya Papua Guinea Mpya, iliyopata uhuru mwaka 1975, ina lugha zaidi ya 800, na wenyeji wake wengi husemezana kwa lugha moja ya kuwaunganisha, iitwayo Tok Pisin. Ilizaliwa katika karne ya 19, watu wa visiwa vya Pasifiki walipochukuliwa kufanya kazi katika mashamba makubwa. Maneno yake mengi yametoka katika Kiingereza, lakini sarufi ya "sisi" wameifuata ya lugha zao za asili. Mtu akisema "yumi", maana yake ni sisi pamoja nawe ninayesema nawe. Akisema "mipela", maana yake ni sisi, bali wewe humo. Tena huhesabu: "yumitupela" ni sisi wawili, mimi nawe; "mitupela" ni sisi wawili, mimi na yule; "yumitripela" ni sisi watatu, nawe umo. Yule mgeni wetu wa barazani, kama angekuwa Papua Guinea Mpya, angejua mara moja kama sahani yake iko.

Lazima hii iliwataabisha hata wahubiri wa zamani. Katika milima ya Andes, Amerika ya Kusini, watu wa Peru na nchi za jirani husema lugha iitwayo Kikechua. Mtawa mmoja Mhispania, Domingo de Santo Tomás, alitoa kitabu cha sarufi ya lugha hiyo mwaka 1560, akaeleza ya kuwa Wakechua wana "sisi" mbili: mwisho wa neno ukiwa "-nchik", anayeambiwa yumo, ukiwa "-yku", anayeambiwa hayumo. Basi ilipokuwa lazima kugeuza Sala ya Bwana, palikuwa na swali ambalo Kihispania hakiliulizi, wala Kiswahili hakiliulizi. Tukisema "Baba yetu", ni yetu sisi na nani? Neno "yaya" ni baba. Mtu akimwambia Mungu "yayanchik", amesema, "Baba yetu sisi pamoja nawe," kana kwamba Mungu naye ni mtoto wa baba mwingine. Vivyo hivyo "dhambi zetu": kwa "-nchik" mwombaji angekuwa amemtia Mungu katika dhambi hizo. Kwa hiyo katika kitabu cha mafundisho kilichochapwa Lima mwaka 1584, kitabu cha kwanza kuchapwa katika Amerika ya Kusini, sala yaanza kwa neno "yayayku", Baba yetu sisi, si wako. Bali mtu akisema na wenzake habari za Mungu, husema "yayanchik", kwa maana hapo ni Baba yetu sote, wewe nami.

Tazameni jinsi silabi moja ndogo ilivyobeba fundisho zima. Mwenye kudharau silabi ya watu hawezi kuwafundisha.

5. Nani aliona?

Nimewawekea mwisho lazima ile iliyonishangaza kuliko zote. Wakechua wale wa milima ya Andes, kandokando ya mji wa Cuzco, wakisema mvua inanyesha, huonyesha wamejuaje. "Parashanmi": mvua inanyesha, nami naiona. "Parashansi": mvua inanyesha, ndivyo nilivyoambiwa. "Parashanchá": mvua inanyesha, ndivyo ninavyokisia.

Waturuki nao wana jambo la namna hiyo. "Geldi" maana yake ni alikuja, nami naweza kulishuhudia. "Gelmiş", ambayo mwisho wake husomwa kama "mish", maana yake ni alikuja, lakini nimesikia, au nimeona dalili tu. Mtaalamu wa zamani, Mahmud al-Kashgari, aliyewaandikia Waarabu kamusi ya lugha za Kituruki katika karne ya 11, alikwisha ieleza tofauti ya namna mbili hizi: moja ni ya tendo lililotendeka mbele ya msemaji, na moja ni ya tendo asiloliona.

Lakini waliozidi ni Watuyuca, kabila dogo likaalo mpakani mwa Colombia na Brazil, katika misitu ya mto Vaupés. Bibi Janet Barnes aliandika habari za lugha yao mwaka 1984. Mfano wake ni wa mpira wa miguu. Sisi twasema, "Alicheza mpira," tumemaliza. Mtuyuca hajamaliza. Sharti achague mwisho mmoja katika mitano:

"Apewi": alicheza, nami nilimwona kwa macho.
"Apeti": alicheza, nilisikia kelele za mchezo, lakini sikumwona.
"Apeyi": alicheza, nimeona alama za viatu vyake kiwanjani, ila yeye sikumwona.
"Apeyigi": alicheza, niliambiwa na mtu.
"Apehiyi": alicheza, yaelekea kuwa hivyo, maana ndiyo desturi yake.

Mtuyuca akiacha miisho hiyo, hakusema neno kamili. Kila habari aitoayo huja na shahidi wake. Nao si peke yao. Bibi Alexandra Aikhenvald, katika kitabu chake cha mwaka 2004, alionyesha ya kuwa kadiri ya robo ya lugha za dunia zina alama za ushahidi za namna moja au nyingine.

Mtu asiseme basi ya kuwa huko hakuna waongo. Mwongo yuko katika kila nchi. Lakini Mtuyuca mwongo hana budi kudanganya mara mbili: habari za tendo, na habari za macho yake mwenyewe.

Sasa nitawaeleza lile neno nililowaahidi. Nilipokuwa darasa la sita, saa ya mwalimu wetu ilipotea mezani. Asubuhi ile mwanafunzi mmoja aliniambia, "Fulani aliichukua saa." Nami sikuuliza neno. Niliwaambia wawili niliokaa nao, "Fulani aliichukua saa." Hao nao wakawaambia wengine. Ilipofika adhuhuri shule nzima ilikuwa ikisema neno moja, na kwa kuwa wote walilisema, wote waliliamini. Yule mwenzetu akaitwa. Akakana. Akapigwa viboko, akaambiwa aende nyumbani, asirudi ila na baba yake.

Siku ya tatu saa ilionekana. Ilikuwa katika mfuko wa koti la mvua la mwalimu mwenyewe. Mwalimu alihuzunika, akatuma mtu kumwita yule mtoto. Hakuja. Hakukaa tena katika benchi letu, wala sikumwona tena shuleni.

Baadaye nilimwendea yule aliyeniambia kwanza, nikamwuliza, "Je, ulimwona akiichukua?" Akajibu, "Sikumwona. Nilimwona amesimama mlangoni pa chumba cha mwalimu, nikadhani." Yaani yeye aliona mtu mlangoni, akasema "aliichukua". Mimi nilisikia, nikasema "aliichukua". Aliyekisia na aliyesikia na ambaye angaliona, wote katika Kiswahili husema neno lile lile moja. Kama tungalikuwa Watuyuca, yeye angalitumia alama ya mtu aonaye dalili, nami ningalitumia alama ya mtu aliyeambiwa. Na mwalimu, kwa kusikia mwisho wa maneno yetu, angalijua ya kuwa katika watoto wote wale hapakuwa na shahidi hata mmoja. Maji yakimwagika hayazoleki.

6. Lugha isipolazimisha

Je, niilaumu lugha yangu? La. Kiswahili kinayo maneno ya kazi hiyo, tena mazuri. Tunalo "eti", tunalo "nasikia", tunalo "huenda", tunalo "yamkini", tunalo "nimeona kwa macho yangu". Hakuna alichokosa Kiswahili. Kimetuachia hiari tu, na mimi siku ile niliitumia hiari yangu vibaya. Pale ambapo sarufi haimlazimishi mtu, sharti moyo wake umlazimishe. Hili ndilo nililojifunza kwa watu wa mto Vaupés, ambao sijawaona wala sitazamii kuwaona.

Basi kila lugha ni kama mwalimu mmoja aliye mkali katika jambo lake. Kihaya ni mkali katika siku: leo, jana, au juzi? Kiarabu ni mkali katika hesabu: wawili, au zaidi? Tok Pisin yauliza: nami umo, au simo? Kituyuca chauliza: umejuaje? Nacho Kiswahili chauliza kila mara: kitu hicho ni cha ngeli gani? Ajuaye lugha mbili amepata walimu wawili. Amchekaye mwenziwe kwa lugha yake amemfukuza mwalimu ambaye angalimfundisha bure.

Tena walimu hao wapungua. Wale Wadyirbal wa Australia niliowataja, watoto wao walikulia katika Kiingereza. Wataalamu walipowasikiliza vijana katika miaka ya 1980, waliona ya kuwa zile ngeli nne zimepungua: "bayi" ikabaki ya wanaume na wanyama, "balan" ya wanawake tu, na vitu vingine vyote vikatiwa katika "bala". Moto ulikuwa umetoka katika jamaa ya jua, na matunda yamepoteza neno lao. Hakuna aliyeamuru iwe hivyo. Ilitosha vijana kutosema lugha ile siku kwa siku na wazee wao.

Kwa hiyo, mwanafunzi, nakupa mambo mawili ya kushika. Kwanza, lugha ya nyumbani kwenu, iwe ya watu wengi au wachache, ina lazima yake. Itafute, uijue, wala usiionee haya. Pili, kila utoapo habari ya mtu, jiulize kabla ya kufungua kinywa: Niliona? Nilisikia? Au nakisia? Kisha useme hivyo.

Yule rafiki yangu Mhaya ni mwalimu kama mimi sasa. Tukiandikiana barua, hunikumbusha mara nyingine ule usiku wa kisu. Nami humwandikia, "Nilikucheka," na chini yake huongeza, "Si jana, wala si juzi, ni zamani."

Maswali

1. Kwa nini wanafunzi wa pwani walimcheka yule Mhaya, naye aliwajibu nini?
2. Eleza kwa maneno yako mwenyewe maana ya "lazima" ya lugha.
3. Neno "amefika" lina shida gani kwa mtu anayetaka kuligeuza liwe Kiingereza?
4. "Miteni" na "elfeni" ni hesabu gani, nayo maneno hayo yametoka wapi?
5. Kwa nini Sala ya Bwana katika Kikechua yatumia "yayayku", si "yayanchik"?
6. Sema kwa Kiswahili, kwa njia tano, "Mbuzi alikula mahindi": uliona, ulisikia sauti, umeona alama, uliambiwa, wakisia. Utumie maneno yafaayo kila mara.
7. Katika habari ya saa iliyopotea, ni nani aliyeona jambo, naye aliona nini hasa?
8. Waulize wazee wa nyumbani kwenu: je, katika lugha yenu liko jambo lisiloachika ambalo Kiswahili hukiruhusu kuliacha? Andika mifano mitatu, uilete shuleni.